SOMO KWA WAKATEKUMENI: HAZINA YA EKLEZYA

Mkatekumeni anayekaribia ubatizo huogopa maulizo ya padri. Hukariri Amri Kumi za Mungu na Sakramenti saba. Hurudia Sala ya Kutubu njiani akienda shamba, hata watoto wake huijua kabla yake. Kazi hiyo ni njema wala isidharauliwe. Lakini katika karne za kwanza palikuwa na maulizo mengine, yasiyoweza kukaririwa, tena hakuulizwa mkatekumeni mwenyewe. Waliulizwa wasimamizi wake.

Habari hizo zimo katika kitabu cha kale kiitwacho Mapokeo ya Mitume, ambacho wataalamu wengi huona kwamba chaonyesha desturi za Eklezya ya Roma mwanzoni mwa karne ya 3. Wakatekumeni wa zamani zile walifundishwa miaka mitatu. Ilipokaribia siku ya ubatizo, wale waliowaleta waliulizwa: Je, mtu huyu amewaheshimu wajane? Amewatembelea wagonjwa? Amefanya matendo mema ya kila namna? Wasimamizi wakishuhudia kwamba ndivyo, mkatekumeni aliruhusiwa kusikiliza Injili. Tena kitabu hicho chaongeza neno la kufariji: mtu mwenye bidii aweza kufupishiwa muda wake, kwa sababu kinachopimwa ni mwenendo, si hesabu ya miaka.

Hapo hakuna ulizo hata moja lihitajilo shule. Mzee asiyejua kusoma aweza kulijibu kwa miguu yake, akienda kwa mgonjwa. Na mwenye vyeti vingi aweza kushindwa. Ndiyo sababu somo hili limewekwa kabla ya masomo ya Sakramenti, wala si baada yake.

Eklezya yahudumia maskini kwa sababu gani?

Wengine hudhani kwamba Eklezya hugawa unga na kujenga zahanati kwa kuwa ina fedha nyingi kutoka Ulaya. Wengine husema yafanya hivyo ili kuvuta watu wabatizwe. Sababu zote mbili si za kweli, na ya pili ingekuwa aibu. Mtu hanunuliwi kwa Kristu kwa kibaba cha unga.

Sababu ya kweli yapatikana katika Injili ya Matayo, sura ya 25. Bwana wetu Yezu Kristu aeleza jinsi atakavyowahukumu watu wa mataifa yote siku ya mwisho. Atawauliza habari za mwenye njaa, mwenye kiu, mgeni, aliye uchi, mgonjwa na mfungwa. Mkatekumeni na aangalie vizuri mambo mawili katika sura hiyo. La kwanza, Mfalme hasemi kwamba maskini alikuwa mtumishi wake au mjumbe wake. Asema alikuwa yeye mwenyewe. La pili, wale wanaofukuzwa upande wa kushoto hawakushtakiwa kwa kuiba wala kuua. Walipita tu. Walimwona mtu njiani, wakapita.

Mitume walilielewa neno hilo. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 6, twaambiwa kwamba huko Yeruzalemu wajane waliosema Kigiriki walisahauliwa katika ugawaji wa chakula cha kila siku, na manung'uniko yakatokea. Mitume hawakusema kwamba chakula ni jambo dogo. Waliita mkutano, wakachaguliwa watu saba wenye sifa njema, wakawekewa mikono kwa kazi hiyo. Waliosahauliwa walikuwa wajane wa lugha nyingine. Jambo hilo litarudi hapa chini.

Basi, mmoja wa warithi wa wale saba ndiye Mtakatifu Laurenti, shemasi wa Roma, aliyeuawa mwaka 258 wakati wa Kaisari Valeriano. Mapokeo ya Eklezya husimulia kwamba mkuu wa mji alimwamuru alete hazina yote ya Eklezya, maana alisikia kwamba Wakristu wana dhahabu. Laurenti aliomba muda. Akawakusanya vipofu, vilema, wajane, yatima na wenye ukoma, akawaleta mbele ya mkuu yule, akamjulisha kwamba hao ndio hazina aliyoitaka. Mkuu hakufurahi. Sikukuu ya Laurenti huadhimishwa tarehe 10 Agosti, nayo yafaa sana kusherehekewa Kolwezi kuliko mahali pengi, kwa kuwa Kolwezi ni mji ambao ulimwengu wote huujia kwa ajili ya hazina.

Hazina iliyo chini ya ardhi

Mji wa Kolwezi ulianzishwa mwaka 1937 na kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906 kuchimba shaba ya Katanga. Mfanyakazi wa kampuni alipewa nyumba kambini, unga, dawa na shule ya watoto, na shule hizo ziliendeshwa na mapadri na masista wa misioni. Wazee husifu nyakati zile, kwa maana mshahara ulifika na hospitali ilikuwa na dawa. Lakini ukweli usemwe wote: wakati wa utawala wa Wabelgiji Eklezya ilitembea bega kwa bega na serikali na kampuni, hata mara nyingi ilikuwa vigumu kwa mfanyakazi kutofautisha sauti ya tatu hizo. Alihudumiwa, naam, bali hakuulizwa. Mkatekumeni asiogope kujua hivyo. Eklezya ni mama mtakatifu, na wana wake ni wakosefu, mapadri wakiwemo.

Baada ya uhuru migodi ilipita mikononi mwa serikali, na kampuni ikaja kuitwa Gécamines. Katika miaka ya 1980 ilitoa tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka. Kisha mgodi wa Kamoto ukabomoka mwaka 1990, fedha zikaliwa na wakubwa, vurugu za siasa zikafuata, na kufika mwaka 1994 shaba yote haikutimia tani 50,000. Wafanyakazi walikaa miezi na miezi bila mshahara. Mwaka 2003 zaidi ya 10,000 kati yao waliondolewa kazini kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, ingawa hiari ya mtu ambaye hajalipwa kwa muda mrefu ni hiari ndogo.

Hapo ndipo wengi walipochukua sururu na gunia. Baba aliyekuwa fundi wa mashine akawa mchimbaji wa mkono, mwanawe akamfuata, na mama na mabinti wakaenda mtoni kuosha na kuchambua mawe. Kobalti, ambayo zamani ilikuwa kama mabaki ya shaba, ikapanda bei kwa sababu hutumika katika betri za simu na za magari ya umeme, na zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia hutoka Kongo, hasa katika mkoa huu wa Lualaba. Katika mtaa wa Kasulo watu walichimba hata ndani ya nyumba zao, chini ya vitanda vyao.

Shirika la Umoja wa Mataifa la watoto, UNICEF, lilikadiria mwaka 2014 kwamba watoto kama 40,000 walikuwa wakifanya kazi katika migodi ya kusini mwa Kongo. Mwezi wa Januari mwaka 2016 shirika la Amnesty International lilitoa taarifa iliyoeleza habari za watoto, wengine wa miaka saba tu, waliobeba na kuosha mawe hata saa kumi na mbili kwa siku, wakapata faranka za Kongo 1,000 hadi 2,000. Na mwezi wa Juni mwaka 2019 udongo wa mgodi mmoja karibu na Kolwezi uliwafunika wachimbaji, wakafa watu zaidi ya 40. Wasomaji wa kurasa hizi huenda waliwajua baadhi yao. Raha ya milele uwape, ee Bwana.

Dhambi zinazolia mbinguni

Katekisimu yafundisha kwamba zimo dhambi ambazo kilio chake chafika mbinguni chenyewe, hata kama duniani hakuna hakimu wa kukisikiliza. Mbili kati ya hizo zahusu somo hili: kuwaonea maskini, wajane na yatima, na kumnyima mfanyakazi ujira wake. Ya kwanza imeandikwa katika kitabu cha Kutoka, sura ya 22. Ya pili imo katika Kumbukumbu la Sheria, sura ya 24, iamuruyo kwamba kibarua alipwe kabla jua halijatua, kwa kuwa ni maskini na roho yake yautazamia ujira huo. Na katika Barua ya Mtakatifu Yakobo, sura ya 5, isemayo kwamba mshahara ulionyimwa walia wenyewe. Mwaka 1891 Papa Leo XIII alikumbusha neno hilo la Yakobo katika barua yake juu ya wafanyakazi, Rerum Novarum, ambayo tangu hapo Mapapa wamerudi kuielezea mara nyingi.

Tuchukue mambo yalivyo kwenye maduka ya wanunuzi, kama yale ya Musompo. Mchimbaji huleta magunia yake. Mnunuzi huyapima kwa mizani, kisha hugusa mawe kwa chombo kidogo ambacho watu hukiita Metorex, nacho chaonyesha nguvu ya madini: asilimia moja, mbili, tatu. Bei yategemea hesabu hiyo. Mchimbaji hana chombo kama hicho, wala mizani. Aambiwapo moja, ni moja. Akikataa, abebe magunia yake hadi duka la pili, na huko pia hana shahidi. Mwenye kuipunguza hesabu ile, hata kwa nusu tu, ameiba, na ameiba kwa mtu aliyeshuka shimoni. Mambo ya Walawi, sura ya 19, yakataza mizani ya uongo; Musa hakukijua chombo hicho, bali amri yake yakifikia.

Neno hili ni zito kwa sababu si wanunuzi wote waliotoka ng'ambo ya bahari. Wamo wenyeji, wamo wabatizwa, na wamo wakatekumeni wanaofanya kazi kwenye mizani hiyo kama makarani. Karani aliyeamriwa na tajiri wake kusoma namba isiyo ya kweli yumo katika shida kubwa, kwa kuwa akikataa atafukuzwa na ana watoto. Lakini Eklezya haiwezi kumwambia kwamba si kitu. Maaskofu wa nchi hii wamesema waziwazi juu ya mambo hayo tangu zamani. Mwaka 1976, siku ambazo wengi walinyamaza kwa hofu, Askofu Mkuu Kabanga wa Lubumbashi aliandika barua ya Kwaresima yenye jina lisemalo kwamba yeye ni mtu, akakemea tamaa ya mali na rushwa zilizowafanya watu wasahau utu wao. Naye marehemu Baba Mtakatifu Fransisko, alipofika Kinshasa tarehe 31 Januari 2023, aliyaambia mataifa yenye nguvu yaache kuinyonya Afrika kana kwamba ni mgodi wa kukombwa. Akawaambia Wakongo kwamba kila mmoja wao ana thamani kupita hazina yote ya udongo wao. Ndilo jibu la Laurenti, likasemwa tena baada ya miaka zaidi ya 1,700.

Masista wa Kanina

Mwaka 2012 walifika Kolwezi Masista wa Mchungaji Mwema. Shirika lao lilianzishwa na Mtakatifu Marie-Euphrasie Pelletier huko Angers, Ufaransa, mwaka 1835, kwa ajili ya wanawake na wasichana waliotupwa na jamaa zao. Kati ya waliofika Kolwezi alikuwamo Sista Catherine Mutindi, mzaliwa wa Kenya, aliyeiongoza kazi hiyo. Walianza katika Kanina, mtaa wa wachimbaji.

Wangaliweza kuanza kwa kuhubiri juu ya ubaya wa kuwapeleka watoto mgodini, na maneno yao yangalikuwa ya kweli. Hawakuanza hivyo. Waliwasikiliza watu kwanza. Wakaona kwamba mzazi hampeleki mtoto mgodini kwa kuwa hampendi. Ampeleka kwa sababu nyumbani hakuna chakula, na shuleni palikuwa na malipo. Basi wakafungua darasa la watoto waliochelewa masomo, wapate kuwafikia wenzao, nao wakapata pia chakula. Mama zao wakafundishwa kushona na kazi nyingine za mikono. Familia zikaungana kulima mahindi na kufuga samaki, ili chakula cha jioni kisitegemee tena gunia la mawe. Na watu wazima wakafundishwa haki zao, wajue namna ya kusema mbele ya wakubwa bila kupiga magoti na bila kutukana. Watoto kwa mamia wameacha mgodi kwa njia hiyo. Mwaka 2019 Sista Catherine alipewa huko Marekani tuzo la Opus, la dola milioni 1, kwa ajili ya kazi hiyo.

Katika darasa lile hakuna anayeulizwa cheti cha ubatizo. Mtoto wa Mkimbangu, wa Mpentekoste, wa Mwislamu au wa mtu asiyesali huketi kwenye benchi moja na mtoto wa Mkatoliki. Msamaria wa Injili ya Luka hakumwuliza majeruhi dini yake; alimpandisha punda.

Tangu Septemba mwaka 2019 serikali imetangaza kwamba shule za msingi za umma ni za bure, kama Katiba ya mwaka 2006 ilivyoagiza, na shule za misioni zilizo chini ya mapatano na serikali zimo katika agizo hilo. Ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini madarasa yamejaa mno, kalamu na viatu havitolewi bure, na mtoto mwenye njaa hasikii hesabu. Kazi ya Kanina haijaisha.

Kisa cha mama mwoshaji

Hapa chatolewa kisa cha mfano, ili wakatekumeni wajadiliane. Mama mmoja mjane yumo mwaka wa pili wa mafundisho. Kila asubuhi huenda mtoni kuosha mawe pamoja na binti yake wa miaka tisa. Mkuu wa jumuiya amemwambia katekista: "Mwalimu, mama huyu asibatizwe Pasaka. Afanya mtoto wake mtumwa." Mama mwenyewe alipoitwa, alijibu kwa heshima: "Mwalimu, nikimwacha nyumbani peke yake, nani atamlinda? Na nikiosha peke yangu, twala siku moja, twalala njaa siku ya pili. Ninyi mwasema nisiende naye. Sawa. Semeni basi tule nini."

Nani asema kweli?

Mkuu wa jumuiya asema kweli juu ya mtoto. Vumbi na maji yale huharibu mwili mdogo; sheria ya nchi ya mwaka 2009 inayolinda watoto yakataza kazi kama ile; na Amri ya nne haiwadai watoto tu kuwatii wazazi, bali yawadai wazazi pia kuwatunza watoto. Hakuna padri atakayesema kwamba binti wa miaka tisa aendelee kuosha mawe.

Lakini na mama asema kweli, tena ulizo lake si la kujitetea tu. Ni shitaka. Bwana wetu aliwakemea Mafarisayo, katika Matayo sura ya 23, kwa kuwa walifunga mizigo mizito, wakaiweka mabegani mwa watu, wasitake kuigusa kwa kidole. Jumuiya inayomkataza mjane kwenda mtoni na binti yake, kisha ikaimba wimbo wa mwisho na kurudi nyumbani kula bukari, imefunga mzigo wa namna hiyo. Katazo bila chakula ni nusu ya Injili, na nusu hiyo peke yake yaweza kuua.

Kwa hiyo jibu la katekista lisimwendee mama kwanza. Limwendee mkuu wa jumuiya. Maaskofu wa Kongo walipoamua mwaka 1961 kwamba Eklezya ijengwe juu ya jumuiya ndogo za Kikristo, hawakuziunda ziwe mahali pa rozari tu. Jumuiya ya nyumba ishirini yaweza kufanya nini? Mama mmoja mzee aweza kukaa na binti yule asubuhi mpaka wakati wa darasa. Wanaume watatu waweza kumlimia mjane kipande cha shamba mwezi wa Novemba, mvua zikiisha kukolea. Mwenye jamaa Kanina aweza kumpeleka mtoto kwa masista akaandikishwe. Caritas ya parokia, ambayo katika nchi hii ipo tangu mwaka 1960, yaweza kusaidia miezi ya njaa kabla ya mavuno. Hakuna hata jambo moja kati ya hayo linalohitaji fedha kutoka Ulaya. Hayo yakiwa yamefanyika, ndipo mama aulizwe kama amemtoa mtoto mtoni. Naye akiisha kumtoa, akabatizwe kwa furaha.

Jambo moja zaidi juu ya wajane, kwa maneno machache kwa kuwa linajulikana. Mchimbaji akifa, mara nyingine ndugu zake hufika kabla ya matanga kuisha, wakachukua sufuria, godoro na hata mabati. Husema ni desturi. Sheria ya jamaa ya mwaka 1987 yawataja watoto kuwa warithi wa kwanza, nayo yampa mjane haki ya kukaa katika nyumba. Mkatekumeni aliyebeba godoro la mjane wa kaka yake alirudishe kabla hajaomba ubatizo. Desturi isiyojua machozi ya yatima haibatiziki.

Mgeni wa lugha nyingine

Yasemwe sasa yale yaliyoahidiwa juu ya wajane wa Kigiriki. Katika miaka ya 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai, ambao baba zao na babu zao waliletwa Katanga kufanya kazi za kampuni, walifukuzwa makwao Likasi na Kolwezi. Nyumba zao zilivamiwa. Walijazana kwenye stesheni za gari la moshi kwa maelfu, wakangoja mabehewa majuma na miezi, na wengi wakafa hapo kwa njaa na magonjwa, hasa watoto. Watu waliowafukuza walikuwa wametokea katika mji uliojaa makanisa. Wabatizwa walikuwamo kati ya wafukuzaji. Kusema sivyo ni uongo. Walikuwako pia Wakristu wa Katanga waliowaficha jirani zao au kuwapelekea chakula stesheni, wakitukanwa njiani.

Kwa nini kuyakumbusha haya kwa wakatekumeni ambao wengi wao hawakuwa wamezaliwa? Kwa sababu mgodi hadi leo huvuta watu wa kila kabila, na neno la kuwagawa halijafa. Husikika sokoni bei ya unga ipandapo. Kuna wagonjwa ambao hawatembelewi kwa kuwa jina lao ni la Kasai. Katika hukumu ya Matayo, mgeni ametajwa katikati kabisa, baada ya mwenye kiu na kabla ya aliye uchi.

MAULIZO

1. Wasimamizi wa wakatekumeni wa zamani waliulizwa nini?
Waliulizwa kama mkatekumeni amewaheshimu wajane, amewatembelea wagonjwa, na kufanya matendo mema ya kila namna.

2. Eklezya yawahudumia maskini kwa sababu gani?
Kwa sababu Bwana wetu Yezu Kristu amesema kwamba atendewalo mdogo, latendewa yeye mwenyewe.

3. Je, Eklezya yawasaidia Wakatoliki tu?
Sivyo. Yamsaidia kila mwenye haja, bila kuuliza dini wala kabila.

4. Katika dhambi zinazolia mbinguni, zipi zahusu maskini na wafanyakazi?
Kuwaonea maskini, wajane na yatima. Na kuwanyima wafanyakazi ujira wao.

5. Anayepunguza hesabu ya mizani au ya nguvu ya madini afanye nini kabla ya kubatizwa?
Aache kosa hilo, na arudishe alichochukua. Kama hawajui aliowaibia, awape maskini kiasi hicho.

6. Karani aliyelazimishwa na tajiri wake je?
Asisome namba ya uongo. Na jumuiya yake imsaidie kupata kazi nyingine, isimwache peke yake.

7. Anayewapeleka watoto wake mgodini kwa sababu ya njaa ametengwa na Eklezya?
Hakutengwa. Yampasa kuwatoa, na yawapasa Wakristu jirani kumwezesha.

KAZI YA JUMA HILI

Wakatekumeni waende wawili wawili, mmoja mwenyeji na mmoja mgeni wa kabila jingine ikiwezekana. Kila wawili watembelee nyumba moja yenye mjane, mgonjwa, au mtoto asiyekwenda shule. Wasipeleke hotuba. Wapeleke kuni au maji, wakae, wasikilize. Wakirudi, wamweleze msimamizi wao mambo matatu: jina la aliyetembelewa, haja yake ya kwanza kama alivyoisema mwenyewe, na jambo moja ambalo jumuiya yaweza kulifanya kabla ya mwezi kuisha. Wasimamizi watayaleta majibu kwa katekista Dominika ijayo, baada ya Misa ya kwanza.